Data za Nani? Utafiti wa Afya Ukingoni mwa Mpaka

Mhadhara kwa wanafunzi wa afya na wahudumu wa vijiji wa mpakani



Mapendekezo ya utafiti ya wanafunzi wetu hufanana mahali pamoja. Mwandishi anaeleza tatizo, anataja malengo, kisha anatangaza kwamba atakusanya data za msingi kwa hojaji kutoka kaya mia tatu na ushee za kaunti ndogo ya Kwapa, hapa Tororo, Uganda. Mwulize kituo cha afya kilichopo hapo kilipima malaria watu wangapi mwezi uliopita, atakutazama tu. Hajaenda kuuliza. Amepanga kupiga hodi kwenye nyumba mia tatu kabla ya kufungua daftari moja.

Nadhani najua chanzo chake. Vyuoni tumewazoesha vijana kuamini kwamba mtafiti wa kweli ni yule anayerudi na vumbi viatuni, na kwamba anayekaa na rejista za zamani ni mvivu au hana fedha. Leo nataka kuupinga mtazamo huo, ingawa sitauvunja wote, maana yako maswali ambayo bila vumbi hayajibiki.

Tukubaliane kwanza juu ya maneno. Data za msingi ni zile unazozikusanya wewe, kwa swali lako, kwa utaratibu uliouchagua. Data za upili zilikusanywa na mwingine, kwa shughuli yake, nawe unazikuta. Kwa hiyo karatasi ileile huwa na hali mbili. Daftari la wagonjwa wa nje ni data ya msingi kwa tabibu anayetaka kujua mtoto huyu alipewa dawa gani juzi. Kwangu mimi ninayetaka kujua msimu wa malaria Kwapa, daftari hilo ni la upili. Tabibu hakuliandika kwa ajili yangu, wala sistahili kumdai radhi kwa alichokiacha.

Watu wa Busia mnaijua mitumba. Koti lililoshonwa kwa kipimo cha mtu wa Ulaya linaweza kukukaa vizuri, tena likawa imara kuliko jipya la dukani na bei yake robo. Fundi atapunguza kiuno na kukunja mikono. Lakini kama aliyelishona hakuacha kitambaa kwenye mshono, hakuna fundi atakayelitanua. Rejista isiyo na safu ya kabila, ya kazi au ya nchi alikotoka mgonjwa haitaizaa safu hiyo kwa sababu wewe una programu nzuri ya takwimu.

Sasa tuifuate namba moja njia yake yote. Mtoto ana homa, mama anamleta, muuguzi anaandika jina, umri, kijiji, matokeo ya kipimo na dawa. Mwisho wa mwezi mistari hiyo inajumlishwa. Uganda hujazwa fomu ya HMIS 105, na Kenya hujazwa 705A kwa walio chini ya miaka mitano na 705B kwa waliobaki. Jumla hiyo inaingizwa katika mfumo wa DHIS2, ambao Kenya iliusambaza nchi nzima mwaka 2011 na Uganda mwaka 2012. Katika safari hiyo jina linaachwa, kijiji kinaachwa, na umri unamezwa na kundi. Kuna miaka ambayo fomu ya Uganda iliweka watu wote kuanzia miaka 5 hadi 59 katika kundi moja. Anayetaka kujua habari za wasichana wa miaka 15 hadi 19 kwa jumla za miaka hiyo hatazipata kwenye kompyuta. Itambidi arudi kwenye daftari lenyewe, lenye mwandiko wa kalamu, na aanze kuhesabu mstari kwa mstari. Kwa hiyo anayeniambia "nitatumia data za upili" bado hajaniambia kitu. Za ngazi ipi?

Halafu kuna jambo la namba zinazobadilika maana huku jina likibaki lilelile. Miaka ya nyuma, kabla ya vipimo vya haraka kuenea, homa ilitibiwa kama malaria na kuandikwa malaria. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kwamba kila anayeshukiwa apimwe kwanza. Vipimo vilipofika vituoni, malaria ya kwenye karatasi ilianza kuwa malaria iliyoonekana. Mchora grafu asiyejua hilo atashangilia kushuka kwa ugonjwa mahali ambapo kilichobadilika ni namna ya kuupima. Vipimo vinapokwisha stoo, homa hurudi kuitwa malaria kwa wiki kadhaa. Ndiyo maana huwaambia wanafunzi kwamba kabla hawajachora mstari wowote wa malaria wakasome kadi za stoo. Hawapendi kazi hiyo, nami siwalaumu.

Mahali petu pana ugumu wa ziada. Kwapa iko ubavuni mwa mpaka. Waiteso wako pande zote mbili, Wasamia vilevile, na mstari unaowatenganisha uliwekwa na Waingereza walipohamisha mkoa wa mashariki wa Uganda kuupeleka upande wa Kenya mwaka 1902. Mgonjwa hafuati mstari huo. Huduma katika vituo vya serikali ya Uganda hazilipiwi tangu Machi 2001, na njia za panya ni nyingi kuliko vizuizi. Sasa ukitaka kiwango cha ugonjwa kwa kila watu elfu moja, wa juu ya mstari wa kugawanya unao, wamo kwenye rejista. Wa chini ni nani? Ukigawanya kwa wakazi wa Kwapa, umewahesabu wagonjwa wa Teso ya Kenya bila kuwahesabu majirani zao wazima. Sensa nazo hazisaidii sana. Kenya ilihesabu watu Agosti 2019, ikapata 893,681 katika kaunti ya Busia, wakati Uganda ilihesabu Mei 2024. Safu ya kijiji, tegemeo letu la mwisho, ina mtego wake, kwa kuwa mama anayeogopa kurudishwa hutaja kijiji cha shangazi yake.

Kwa nini basi nisiseme tuyaache madaftari? Kwa sababu nimeona yalivyotumika hapa hapa Tororo, na sidhani kama Afrika Mashariki kuna mfano mzuri zaidi wa kuzitumia aina mbili za data kwa zamu.

Mwaka 2011 watafiti wa Infectious Diseases Research Collaboration, taasisi ya Kampala, pamoja na wenzao wa Makerere na wa Chuo Kikuu cha California, San Francisco, walianza kuzifuatilia kaya zipatazo mia moja katika kila sehemu kati ya tatu: Walukuba huko Jinja, Kihihi wilayani Kanungu, na Nagongera wilayani kwetu. Watoto wa miezi sita hadi miaka kumi walifuatiliwa homa kwa homa, kipimo kwa kipimo. Usiku mitego ya taa iliwekwa vyumbani kunasa mbu. Hizo ni data za msingi kwa maana kamili ya neno, na ni za gharama kubwa. Zilitoa jibu ambalo hakuna rejista iliyowahi kulitoa. Mkazi wa Walukuba alikadiriwa kuumwa na mbu mwenye vimelea mara 2.8 kwa mwaka, wa Kihihi mara 32, na wa Nagongera mara 310. Karibu kila usiku! Daftari la kituo haliwezi kujua hilo, kwa sababu mbu haendi kituoni.

Mwishoni mwa 2014 upuliziaji wa dawa ndani ya nyumba ulianza Tororo, na katika kaya zile malaria ikaporomoka. Hapo mtu wa kawaida angesema utafiti umekwisha. Lakini Nagongera ni kaunti ndogo moja. Waziri anayepanga bajeti anataka kujua wilaya nyingine zikoje, na hakuna fedha za kutega mbu kila wilaya. Ikabidi kurudi kwenye madaftari, ila madaftari yaliyotunzwa. Tangu mwaka 2006 mpango wa ufuatiliaji wa malaria nchini Uganda ulikuwa umechagua vituo kadhaa vya afya, ukavisaidia viwe na maabara zinazofanya kazi, wagonjwa wengi wapimwe, na kila mgonjwa aingizwe mmoja mmoja badala ya kusubiri jumla ya mwezi. Data za vituo hivyo zilichapishwa mwaka 2021 katika jarida la Nature Communications. Mahali ambapo upuliziaji ulisimamishwa, wagonjwa waliongezeka zaidi ya mara tano ndani ya miezi kama kumi. Mahali ulipoendelezwa, walipungua kwa asilimia 85 kufikia mwaka wa nne na wa tano.

Tazameni kilichofanyika hapo. Data hizo si za msingi kwa ufafanuzi wangu wa mwanzo, kwani ziliandikwa na wahudumu wakiwa kazini, kwa kuwatibu watu. Wala si za upili zilizookotwa tu, maana mtu aliwekeza katika ubora wake miaka mingi kabla ya swali kuulizwa. Vitabu vya mbinu za utafiti havina sura nzuri kwa ajili ya kundi hili, na naona ni kasoro, kwa sababu nchi maskini ya fedha za utafiti inalihitaji kuliko yote.

Kisha ikaja 2020. Dawa ya kupulizia ilibadilishwa, na malaria ikaanza kupanda tena katika wilaya zilizokuwa zimetulia, Tororo ikiwemo. Rejista zilionyesha kupanda huko. Hazikuweza kusema sababu. Ilibidi watu warudi nyumbani kwa watu na mitego yao, safari hii katika kaya za mpaka wa wilaya ya Tororo, iliyokuwa ikipulizwa, na ya Busia ya Uganda, isiyokuwa ikipulizwa, na huko mbu aina ya Anopheles funestus, aliyekuwa karibu kusahaulika, alionekana amerudi kwa wingi. Rejista iliuliza swali, na mtego ukalijibu. Nikitakiwa kueleza muundo wa utafiti kwa mfano mmoja tu, nitautoa huo.

Upande wa Kenya, si mbali na hapa, kuna mfano unaokwenda kinyume. Mwaka 1998 shirika la ICS lilianza kutoa dawa za minyoo na kichocho katika shule 75 za msingi za Funyula na Budalangi, zenye wanafunzi zaidi ya 30,000. Wachumi Edward Miguel na Michael Kremer walitaka kujua kama mtoto aliyemeza dawa huenda shule zaidi. Mahudhurio yalikuwa tayari yameandikwa na walimu. Kwa nini wasichukue rejista za darasani? Hawakuzitegemea. Walituma watu wafike shuleni bila taarifa na kuhesabu watoto waliokaa darasani. Uamuzi huo ulikuwa sahihi, nami ningefanya vivyo hivyo. Mwalimu huita majina asubuhi akiwa na darasa la watoto wengi na kazi nyingi. Rejista yake inatosha kwa mwalimu mkuu, haitoshi kwa swali la asilimia chache. Waliporipoti mwaka 2004 kwamba utoro ulipungua kwa robo, watu waliamini kwa sababu ya hizo ziara za ghafla.

Lakini hadithi haikuishia hapo. Data zao walizitoa kwa wengine, na mwaka 2015 watafiti wa chuo cha afya na tiba za kitropiki cha London walizichambua upya. Data zilizokuwa za msingi Funyula zikawa za upili London. Walikuta makosa ya hesabu, hasa katika madai kwamba hata shule za mbali zilinufaika. Manufaa kwa shule zilizopewa dawa yalibaki, ya mbali yakadhoofika. Malumbano yalikuwa makali, na Kremer alipata tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2019 yakiwa hayajapoa. Kwangu mimi jambo la kuzisifia pande zote ni moja: majedwali yalitunzwa vizuri kiasi kwamba mgeni aliweza kuyafungua miaka mingi baadaye na kubishana nayo. Wangapi kati yetu, tukiombwa leo faili la data la tasnifu yetu, tutalipata? Na tukilipata, tutakumbuka safu ya "Q14b" ilikuwa nini?

Niseme kidogo juu ya malale, maana Tororo ina historia yake. Wagonjwa wa malale walitibiwa katika hospitali ya taasisi ya utafiti wa mifugo, LIRI, hapa mjini. Kumbukumbu za hospitali huonyesha waliofika tu. Mtafiti Odiit na wenzake, katika makala ya mwaka 2005, walitumia kumbukumbu hizo kuhesabu wasiofika. Ugonjwa huu una hatua ya mwanzo na ya mwisho, na asiyetibiwa hufa. Ukijua muda wa kila hatua, na ukajua kati ya waliofika wangapi walikuwa hatua ya mwanzo na wangapi ya mwisho, unaweza kukadiria wangapi walipita hatua zote mbili bila kuonekana na mtu yeyote. Jibu lao lilikuwa kwamba kwa kila kifo kimoja kilichoripotiwa, vingine 12 havikugunduliwa. Hakuna kaya iliyopigiwa hodi ili kupata namba hiyo. Anayesema kazi ya upili ni ya wavivu ajaribu kuifanya.

Wakati mwingine namba huwa na mmiliki mwenye nia. Mnakumbuka Mei 2020, malori yamepanga foleni ya kilomita nyingi hapo mpakani Malaba, madereva wakilala chini ya trela wakisubiri majibu ya korona. Waliokutwa nayo walikuwa wakiingia katika hesabu ya Uganda, mpaka Rais Museveni alipoelekeza kwamba madereva wa kigeni waondolewe. Jumla ya taifa ikashuka. Hakuna aliyepona siku hiyo kwa sababu ya agizo. Mtafiti atakayepakua mfululizo wa namba hizo bila kusoma magazeti ya wiki hiyo atatafuta sababu ya kitabibu mahali pasipo na hata moja.

Msidhani data za msingi zina usafi wa kuzaliwa nao. Mwulize mama wa Kwapa kama mtoto wake alilala ndani ya chandarua jana. Anakujua wewe ni mtu wa hospitali, anajua jibu unalolipenda, na adabu ya kwetu haimruhusu kumvunja moyo mgeni. Atasema ndiyo. Mwulize mtoto alipata homa mara ngapi mwaka huu. Atakumbuka ile ya Krismasi na ile iliyompeleka wodini. Hojaji imeandikwa Kiingereza, mdadisi anaitafsiri papo hapo kwa Kiteso au Kijopadhola au Kiswahili, na kila mdadisi ana yake. Na kuna uchovu. Wako wazee wa wilaya hii waliotolewa damu ya kidole na kuulizwa umri wa bati la nyumba mara nyingi kuliko walivyoletewa majibu. Wana haki ya kuuliza kama yale waliyokwisha kusema yalisomwa na mtu. Kwangu hii ndiyo sababu kubwa ya kuanza na za upili, kubwa kuliko fedha: hatuna ruhusa ya kumsumbua mtu kwa swali ambalo jibu lake limelala kabatini.

Kabati nalo halifunguki ovyo. Uganda na Kenya zote zilitunga sheria za kulinda taarifa binafsi mwaka 2019, na daftari la kituo lina majina. Kunakili jina la mgonjwa wa kifua kikuu kwa simu yako ni kosa, hata kama mwenye funguo ni mjomba wako. Kibali cha kamati ya maadili kinahitajika kwa karatasi kama kinavyohitajika kwa watu, na anayefanya kazi pande mbili za mpaka anahitaji viwili: cha Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia Uganda, na cha tume ya sayansi ya Kenya, NACOSTI, kila kimoja baada ya kamati yake. Tena msitegemee kwamba data za upili zitakuwepo daima. Tafiti za demografia na afya, zile ambazo nchi zote mbili zilifanya mwaka 2022 na ambazo wanafunzi wetu wamekuwa wakizipakua bure, ziliendeshwa kwa msaada wa Marekani, na mpango huo ulikatwa mapema 2025. Hata zilipokuwepo, zilisema habari za Bukedi nzima, eneo lenye wilaya yetu. Kwapa haikuonekana ndani yake.

Nimalizie na mada ya tasnifu ambayo ningependa mmoja wenu aichukue. Tarehe 1 Juni 2013 Kenya ilifuta ada za kujifungua katika vituo vya umma. Je, akina mama wa Kwapa walivuka kwenda kujifungulia huko? Halafu madaktari wa Kenya waligoma kwa siku 100, kuanzia Desemba 2016 hadi Machi 2017, na wauguzi wakagoma kuanzia Juni hadi Novemba 2017. Je, mkondo uligeuka? Katika miezi hiyo rejista za wodi za wazazi upande wa Kenya zitakuwa na kurasa tupu, na wajawazito hawakugoma. Walikuwa wapi? Anzeni na daftari za wodi za wazazi za pande zote mbili, mwezi kwa mwezi, miaka miwili kabla ya 2013 hadi mwisho wa 2018, safu ya kijiji ikihesabiwa kwa tahadhari niliyoitaja. Msitumie jumla za DHIS2, kwa sababu kijiji hakimo. Mkishaona miezi ambayo namba zinaruka, hapo ndipo mwende vijijini, kwa wanawake wachache waliojifungua miezi hiyo na wakunga wa jadi waliowapokea, mkawaulize mambo mawili tu ambayo karatasi haiyajui: mlivukia wapi, na mlitaja kijiji gani mlipofika.

Rejista za 2013 zimekwisha kupita miaka kumi, na stoo za vituo ni ndogo, hivyo huenda zikatupwa wakati wowote. Anayeitaka mada hii aanze kuandika maombi ya vibali juma hili. Mimi nipo tayari kumsimamia.